Ulinzi wa Kijiji: Mamlaka ya Raia Yanaishia Wapi?

Ni saa nane usiku. Vijana wa doria wamemkuta mtu akiswaga ng'ombe barabarani. Filimbi inalia, watu wanatoka na tochi na marungu. Dakika chache zinazofuata zitaamua kama kijiji kimezuia wizi au kimetenda kosa kubwa kuliko wizi.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wanaweza kumkamatia bila kibali cha mahakama. Kifungu cha 35 kinamtaka raia huyo amkabidhi mshukiwa kwa polisi bila kuchelewa, au amfikishe katika kituo kilicho karibu.

Mamlaka ya raia yanaishia hapo. Kumpiga mshukiwa, kumtoza faini au kuchoma nyumba yake ni uhalifu. Akifa, waliohusika wanaweza kushtakiwa kwa mauaji. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema kila mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Huenda anayeswaga ng'ombe usiku anampeleka wake kwa matibabu. Na ikiwa kweli ni mwizi, akiuawa hatawataja wenzake wala mnunuzi.

Funzo la Sungusungu

Jina Sungusungu lilitoka Tanzania, ambako Wasukuma na Wanyamwezi waliunda vikundi vya kupambana na wizi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huku Kenya, kundi lenye jina hilo lilijitokeza eneo la Gusii. Mwanzoni wengi walilisifu kwa kuwakabili majambazi. Baadaye wanachama wake walilaumiwa kwa kutoza watu pesa kwa nguvu na hata kuua. Mwaka 2010 Serikali ililipiga marufuku pamoja na makundi mengine, likiwemo Mungiki.

Njia iliyo halali

Polisi wako chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haina polisi wake. Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inawapa wananchi nafasi kupitia kamati za polisi jamii, na inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanza 2013, huwakutanisha majirani na chifu na polisi.

Kikundi cha ulinzi kizingatie haya:

- Kijulikane kwa chifu na kwa mkuu wa kituo cha polisi.
- Kiweke orodha ya wanachama na zamu zao.
- Kisimlazimishe mtu kulipa pesa za ulinzi.
- Kikimkamata mshukiwa, kimlinde dhidi ya umati na kupiga simu 999 au 112.
- Kitunze ushahidi, kiandikishe taarifa kituoni na kuchukua nambari ya OB.

Kesi nyingi huanguka kwa kukosa mashahidi. Aliyeshuhudia wizi atasaidia kijiji zaidi akifika mahakamani kuliko akiinua rungu.