Damu Inatosha, Mbona Mama Watoto Amechoka?



Baba, huenda mkeo hupanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri kutoka Kayole, hurudi jioni, na kabla vyombo havijaoshwa amekwisha lala kitini. Nawe wasema amekuwa mvivu, au hakutaki tena. Kabla maneno hayo hayajaivunja nyumba, ulizeni kwanza habari za damu.

Pengine alipimwa akaambiwa damu inatosha. Kipimo hicho cha kawaida huangalia hemoglobini, ile rangi nyekundu ibebayo oksijeni. Hakionyeshi akiba. Mwili huweka madini ya chuma kama mama awekavyo unga kwenye debe: ugali wa leo waweza kuwa mezani, na debe limebaki tupu. Kipimo cha akiba huitwa feritini. Si kila zahanati inacho, na bei yake ni kubwa zaidi. Basi iwe gharama ya nyumba nzima, si ya mke peke yake. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wasema kuwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu.

Hapa wengi hupotoshwa. Feritini hupanda mtu akiwa na malaria, kifua au uvimbe wa ndani. Aweza kupata 50 akafurahi, kumbe debe ni tupu. Kwa mgonjwa, mpaka ni 70. Kwa hiyo mwelezeni daktari kila ugonjwa wa siku hizo.

Akiba ya mwanamke huishia katika hedhi nzito na mimba zinazofuatana upesi. (Wako wanaotafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni. Usimcheke, hamu hiyo yaweza kuwa dalili.) Ikiwa ni yako iliyopungua, baba, usimeze vidonge ukanyamaza. Wewe huna hedhi: daktari atafute damu inavuja wapi, labda tumboni.

Chai pamoja na chakula huzuia chuma cha sukuma wiki na ndengu kuingia mwilini. Icheleweshe saa moja, na chakula ukikamulie ndimu. Vidonge vya chuma hufanya choo kuwa cheusi, msishtuke, ila vifungiwe mbali na watoto, kwani vyaweza kuwaua. Wala msiviache uchovu ukiisha: hemoglobini hurudi kwanza, na debe huhitaji miezi 3 hivi zaidi.