Skrini mpya, kompyuta inajizima

Swali: Tangu nifunge skrini ya 4K, kompyuta yangu ya mezani hujizima na kujiwasha yenyewe. Je, nirudishe skrini dukani?

Jibu: Usiirudishe bado. Skrini mbovu kwa kawaida hukupa giza au mistari, si kuizima kompyuta. Mimi ningeanza na waya wa DisplayPort: pini ya 20 ina volti 3.3, na waya wa ovyo huiunganisha kwenye ncha zote mbili, umeme ukarudi kwenye kadi ya picha. Utasema picha ni safi, basi waya mzima. Lakini picha hupita pini nyingine kabisa. Jaribu HDMI. Ikizidi kujizima, shusha hadi 1080p, yaani robo ya pikseli za 4K. Ikitulia hapo, huenda mzigo wa 4K ndio tatizo: sasisha draiva ya kadi, kisha pima pawasaplai.