Vimbunga vya Uarabuni Vilivyotuletea Nzige Meru

Mwanzoni mwa mwaka 2020, makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Meru yakitokea kaskazini. Wakulima walipiga mabati na madebe kuokoa mazao na malisho. Ni wachache waliojua kwamba chanzo kilikuwa vimbunga viwili vilivyopiga Uarabuni mwaka 2018.

Mvua jangwani

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya joto. Kikifika nchi kavu, huangusha mvua nyingi kwa siku chache. Mei 2018, kimbunga Mekunu kilipiga Oman karibu na mji wa Salalah. Oktoba kikafuata Luban, kilichotua mashariki mwa Yemen. Maji yalituama katikati ya vilima vya mchanga vya jangwa la Rub' al Khali, na majani yakaota.

Kwa kawaida, ukame ndio hupunguza nzige. Safari hii, mchanga ulipoanza kukauka, mvua ya pili iliwaokoa.

Mzunguko wa maisha ya nzige

Nzige jike hutaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu, sentimita 10 hadi 15 chini. Baada ya wiki 2 hivi huanguliwa tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa. Wakipata majani mabichi hukua, huota mabawa na kutaga tena.

Kizazi kimoja huchukua takriban miezi 3, na idadi yaweza kuongezeka mara 20. Piga hesabu: vizazi 3 ni 20 × 20 × 20, yaani mara 8,000 katika miezi 9.

Safari ya kuja kwetu

Mwaka 2019 nzige walivuka kutoka Yemen hadi Pembe ya Afrika. Desemba, kimbunga Pawan kilinyeshea Somalia na kuwaandalia mahali pengine pa kuzaliana. Mwishoni mwa mwezi huo wakaingia Kenya, ambako mvua kubwa ya vuli ilikuwa imeacha malisho mabichi. Kundi la ukubwa wa kilomita mraba 1 laweza kuwa na nzige milioni 40, na kwa siku moja hula chakula kinachotosha watu 35,000.

Tufanye nini?

Kupiga madebe huwahamishia tu nzige kwa jirani. Wakati mzuri wa kuwaangamiza ni wakiwa tunutu, kwa kuwa hawawezi kupaa. Kwa hivyo, mkazi wa maeneo kame ya Meru au Mbeere kule Embu:

- Ukiona nzige wakitaga au tunutu wakitembea kwa makundi, mjulishe mara moja afisa wa kilimo wa wadi, chifu au naibu wa chifu.
- Taja mahali, tarehe na ukubwa wa eneo.
- Usile nzige waliopuliziwa dawa wala kuwalisha kuku.
- Zuia mifugo na nyuki wasifike eneo lililopuliziwa hadi maafisa waruhusu.

Taarifa ya leo kuhusu tunutu huokoa ndengu na mtama wa msimu mzima.