Majengo yanapanda, maabara yetu je?

*Mimi ni mhadhiri wa kemia katika chuo kikuu cha umma. Majengo mapya yanainuka, ilhali mashine zetu ni mbovu. Je, idara yetu imesahauliwa? – Mhadhiri, Dar es Salaam*

Hofu ya mhadhiri huyu ina msingi, ila majengo hayo si ushahidi kwamba idara yake imetupwa. Fedha za ujenzi huja na masharti. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, kwa mfano, unagharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, na umekiwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kujenga kampasi Lindi na Kagera. Fedha kama hizo hazihamishwi kiholela kwenda kukarabati mashine kuukuu.

Matengenezo hutegemea bajeti ya kawaida. Hapo ndipo penye kidonda: kifaa hununuliwa bila kutengewa fedha za vipuri na fundi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo ombi limfikie mkuu wa idara miezi kadhaa kabla. Litaje lengo la mpango mkakati wa chuo linaloguswa, idadi ya wanafunzi wanaotumia mashine, na gharama ya kuitunza kwa miaka mitano. Idara mbili zikiomba kifaa cha pamoja, hoja hupata nguvu zaidi.

Mashine ikihatarisha watu, asisubiri bajeti. Aizime, kisha aripoti siku hiyohiyo kwa uongozi wa chuo, na kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ikibidi.