Tembo huyu ni wa Tingatinga?

SWALI: Hapa Katunguru, Uganda, watalii hununua picha za tembo na viboko, na zote huitwa Tingatinga. Nitamtambuaje msanii mwenyewe kwa kazi yake?

JIBU: Jina hilo lilikuwa la mtu kabla halijawa la mtindo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, akachorea Dar es Salaam kwa miaka michache tu, kisha akauawa kwa risasi mwaka 1972. Alitumia rangi za enameli juu ya mbao laini za mraba. Mara nyingi utamwona mnyama mmoja mkubwa, madoadoa mwilini, nyuma pakiwa patupu au pana majani machache. Picha iliyosheheni wanyama na watu kila pembe ni ya wafuasi wake, na wengi wao ni hodari kweli. Wanastahili kutajwa kwa majina yao wenyewe. Mashetani wenye masikio makubwa na rangi kali? Hao ni wa msanii mwingine, George Lilanga.

Ukitaka kulizoeza jicho kutambua mkono wa msanii, kwetu Uganda anza na sanamu ya Uhuru jijini Kampala: mama anayemwinua mtoto juu, kazi ya Gregory Maloba ya mwaka 1962. Kisha, pale Chuo Kikuu cha Makerere, itafute ile ya mti ya Francis Nnaggenda, mhanga wa vita aliyepungukiwa viungo. Ukiiona mara moja, hutaisahau.

Kwenye picha, sahihi itazame mwisho, kwani huigwa kirahisi. Na ukinunua kibandani, muulize muuzaji jina la mchoraji, uliandike nyuma ya picha.