MITAMBO YA UPEPO: KILA MMOJA NA LWAKE?

Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo ya upepo 365 iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018. Kila mmoja waweza kutoa kilowati 850 za stima. Je, mitambo mingi ikikaa pamoja hupatana? Hilo ndilo somo langu.

Hebu fikiria mfereji wa maji. Mwenye shamba la juu akichota yote, wa chini hubaki na matope. Upepo nao ni vivyo hivyo. Mtambo wa mbele ukishachukua nguvu, nyuma yake hubaki upepo mnyonge wenye misukosuko. Na hasara si ndogo, kwani kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu yake hubaki sehemu moja tu kwa nane!

Kwa kawaida kila mtambo huukabili upepo sawasawa, ujipatie wake. Lakini ukigeuzwa wa mbele upande kidogo, utapoteza kiasi, na ule upepo mnyonge utasukumwa kando. Wa nyuma utanufaika. Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza jaribio la mitambo sita huko Alberta, Kanada. Usiku, upepo wa kasi ya wastani ulipovuma sambamba na safu, stima iliongezeka kwa asilimia 7 hadi 13.

Mbona basi si kila mahali wanafanya hivyo? Shida ni hizi:

1. Upepo hubadilika. Katika jaribio lile, upepo wa kufuata safu ulivuma mara chache tu.

2. Kuna kuchelewa. Mitambo ikiachana mita 500, upepo wa mita 10 kwa sekunde huchukua sekunde 50 kufika. Kufikia hapo huenda umeshageuka.

3. Kukaa upande huweza kuchosha mapanga na mnara.

4. Hesabu za misukosuko ya upepo ni ngumu hata kwa kompyuta.

Msiseme ati faida ni ndogo. Asilimia moja ya mitambo 365 ni kazi ya mitambo zaidi ya mitatu, bila kununua hata mmoja! Kwa hivyo, wenzangu, tusiikimbie Fizikia. Shida hizi zangoja watu wa kuzitatua, na kidole kimoja hakivunji chawa.