Kazi ya Mfalme na Mtoto Mgonjwa

Andiko: Yohana 4:46-54. Soma pia Mathayo 8:5-13.



Tukifundisha habari za yule diwani wa Kapernaumu, huwa tunakimbilia imani yake. Leo naomba tutazame kazi yake. Huyu alikuwa mtu wa mfalme, ana wakubwa juu yake na watumishi chini yake. Lakini mwanawe alipougua hakutuma mtumishi. Alipanda mwenyewe kutoka kando ya ziwa mpaka Kana, zaidi ya kilomita 20, karibu kama kutoka Keroka hadi Kisii mjini. Watumishi walipokutana naye njiani wakamwambia homa ilimwacha mtoto jana. Yaani alilala nje, na kazini hakuonekana. Biblia haimlaumu hata kidogo.

Nasema hivi kwa sababu wapo wapendwa wanaoona kwamba kuomba ruhusa kwa ajili ya upasuaji mdogo wa mtoto ni uvivu. Wengine wanaona ni upungufu wa imani: omba, halafu nenda kazini. Lakini jambo dogo kwa daktari si dogo kwa mtoto wa miaka minne.

Kijana wangu alikuwa na ngiri ya kinena. Daktari alinieleza kwamba ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga mtoto akikua, lakini ya kinena haijifungi. Utumbo ukinaswa pale, uvimbe unakuwa mgumu, mtoto analia na kutapika, na hiyo ni dharura. Kwa hiyo tukapewa tarehe. Mzazi atie sahihi ya kukubali. Mtoto asile chakula kwa saa sita kabla ya dawa ya usingizi. Akiamka, amwone mtu anayemjua. Jioni anarudi nyumbani, lakini usiku huo lazima atazamwe.

Mimi nauza dukani, na tarehe ile iliangukia mwisho wa mwezi, wakati wa kuhesabu mali. Mwenzangu akanishauri, "Sema tu umefiwa, utapewa siku tatu." Hapa kwetu msiba hauulizwi maswali. Lakini nitamfiwisha nani ili mtoto wangu apone? Nilimpelekea bosi barua ya hospitali wiki mbili mapema. Alinung'unika, akanipa siku mbili, moja akaikata kwenye mshahara. Sikusikia muujiza wa kurudisha hiyo pesa. Ila nilikaa kando ya kitanda bila kuogopa simu, na niliporudi kazini sikuwa na uongo wa kulinda.

Kutokana na hayo, tujifunze mambo manne.

1. Sema mapema, na useme kweli. Waefeso 4:25 inatuagiza kuvua uongo, na haikuacha nafasi kwa uongo wa kuombea ruhusa. Peleka barua ya hospitali, useme ni siku ngapi, na upendekeze nani atashika zamu yako.

2. Ijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo, baada ya kila miezi 12. Likizo ya ugonjwa ni ya ugonjwa wako wewe, si wa mtoto. Basi usiimalize likizo yote Desemba kama una mtoto anayengoja tarehe. Na kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, hakikisha mapema kwamba mtoto ameandikwa chini yako. Asubuhi ya upasuaji si wakati wa kugundua kwamba jina lake halipo.

3. Mwajiri uliyeokoka, msome yule akida wa Mathayo 8. Aliyekuwa mgonjwa ni mtumishi wake tu, lakini bosi ndiye aliyekwenda kumwombea. Wewe una dada wa nyumbani, una kijana wa duka, una wachuma chai. Ukimwambia dada wa nyumbani achague kati ya kazi na mtoto wake aliye wodini, Jumapili unainua mikono gani?

4. Kanisa libebe. Wengi wetu upande wa Nyamira tunalipwa kwa kilo. Usipochuma, hulipwi, na hakuna wa kumwandikia barua. Mama zetu walikuwa na egesangio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Tunaweza kufanya hivyo hata leo. Mama akienda Kisii na mtoto, dada wawili wa ushirika wachume sehemu yake, na kilo ziandikwe kwa jina lake. Mwingine awapikie watoto waliobaki. Baba wa mtoto naye asiseme hospitali ni mambo ya akina mama. Diwani alikuwa baba. Wagalatia 6:2 inatuambia tubebeane mizigo. Maombi ya simu ni mazuri, lakini majani ya chai hayachumwi kwa simu.

Diwani alimwamini Yesu kwa neno moja, akashuka. Mwisho wake, yeye na nyumba yake yote wakaamini. Nyumba ile iliona baba anayejua kwamba mfalme anaweza kungoja siku mbili.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
- Nani kati yetu ana mtoto anayengoja tarehe ya hospitali? Ni siku gani?
- Nani atashika zamu yake, au kuchuma kwa jina lake?
- Kama wewe ni mwajiri, mfanyakazi wako anaweza kukuambia ukweli bila kuogopa?

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli mbele ya wakubwa wetu, na utupe mikono ya kusaidiana. Uwalinde watoto wetu mikononi mwa madaktari. Amina.